Barua ya wazi kwa wenye dhamana: Mzee afuatwe nyumbani kabla hajaanguka

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayehusika na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

YAH: KULINDA NGUVU ZA MWILI NA AKILI ZA WAZEE KABLA YA MARADHI

Waheshimiwa Mawaziri,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Ninawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu niliyetumia sehemu kubwa ya utumishi wangu katika kliniki ya presha na kisukari ya hospitali ya wilaya, na ambaye sasa mwenyewe ninahesabiwa miongoni mwa wazee kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu aliyefikisha umri wa miaka 60. Ninachokiomba ni kimoja, ingawa kinahitaji maelezo marefu: kwamba huduma ya afya kwa wazee iache kumsubiri mzee dirishani akiwa tayari mgonjwa, ianze kumfuata kwake angali anatembea, anaona, anasikia na kukumbuka, ili uwezo huo udumu naye kwa kadiri umri unavyoruhusu.

Naanza kwa kutambua yaliyofanyika, kwa kuwa si madogo. Sera ile ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na leo katika vituo vingi vya afya lipo dirisha la wazee, upo utaratibu wa vitambulisho, na yapo mabango yanayowataka wagonjwa wengine wampishe mzee apate huduma kwanza. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi pale ilipoanzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi ambazo baadaye zilipandishwa kuwa 50,000. Nimefanya kazi katika miaka ambayo mzee aliachwa nyuma ya foleni hadi adhuhuri, na nimeishi kuona anasalimiwa wa kwanza. Heshima hiyo ni ya kweli na tunaishukuru.

Hata hivyo, dirisha linamhudumia mzee aliyeweza kulifikia. Yule ambaye magoti yamekataa, ambaye haoni vizuri hata kuvuka barabara, ambaye hana mjukuu wa kumshika mkono wala nauli ya bodaboda, huyo hatumwoni dirishani, na kwa sababu hatumwoni tunadhani hayupo. Na hata anayefika hufika akiwa na jambo lililokwisha kuharibika: kiharusi, kidonda cha mguu kisichopona, mtoto wa jicho aliyekomaa, nyonga iliyovunjika. Tunampa dawa bure kwa maradhi ambayo miaka mitano nyuma yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa gharama ndogo zaidi, na bila yeye kupitia mateso hayo.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye suala la kuanguka, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Misuli ya binadamu huanza kupungua angali mtu wa makamo, na baada ya miaka 60 hupungua kwa kasi zaidi, hasa kwa asiyeitumia. Mapaja hulegea kwanza. Mzee huanza kujisukuma kwa mikono anapoinuka kwenye kiti, kisha anaanza kuogopa choo cha kuchuchumaa, kisha anapunguza kutoka nje, na kwa kupunguza kutoka nje anazidi kudhoofika. Siku moja usiku anateleza bafuni kwenye sakafu yenye maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kundi linaloongoza ni la wenye zaidi ya miaka 60. Yanayofuata huko vijijini kwetu nyote mnayajua. Mguu umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake, upasuaji uko katika hospitali kubwa za mbali, kama za Dar es Salaam, Moshi au Mwanza, na familia inaanza kuuza mbuzi huku mgonjwa amelazwa chali. Wengi hubaki hapo hapo kitandani. Kwanza huja vidonda vya kulalia, halafu nimonia au damu kuganda mguuni. Binti aliyekuwa na genge lake sokoni analifunga ili amuuguze mama, au mjukuu wa kike anaacha shule. Katika takwimu zetu mama huyo ataandikwa kuwa alifariki kwa nimonia, wala hakuna mahali patakapoandikwa kwamba alianguka kwa sababu mapaja yake yalikuwa yameisha nguvu na hakuna aliyewahi kuyapima.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema kwamba mtu mwenye miaka 65 na zaidi anahitaji kati ya dakika 150 na 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na mazoezi ya kujenga uwiano wa mwili yanayomkinga na kuanguka angalau siku tatu. Huwa nasikia ikisemwa, hata na watumishi wenzangu, kwamba hayo ni ya watu wa mijini wanaokaa ofisini, na kwamba mzee wa kijijini anayelima ana mazoezi ya kutosha. Ni kweli kwa nusu. Mkulima wa miaka 65 mara nyingi ana mikono na moyo imara kuliko mstaafu wa umri wake aliyehamia mjini, lakini jembe humkunja mgongo na halimfundishi kusimama imara kwa mguu mmoja. Na siku anapoacha shamba kwa sababu ya kiuno, anaacha kila kitu kwa mara moja, kwa kuwa hakuwahi kuonyeshwa namna nyingine ya kuutumikisha mwili wake.

Serikali imewahi kuhimiza mazoezi, tena kwa sauti ya juu. Mwishoni mwa 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili ya mazoezi. Zanzibar kila tarehe 1 Januari hufanya mazoezi ya viungo kitaifa. Lakini tazameni ni nani wanaojitokeza siku hizo: vijana na watu wa makamo waliovaa fulana za kikundi, wakikimbia alfajiri nyuma ya gari la muziki. Mzee mwenye magoti mabovu hana nafasi katika mbio hizo, wala hatumtaki akimbie. Anachohitaji ni kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika, kusimama kwa mguu mmoja huku kidole kikigusa ukuta, kutembea kisigino kikifuata ncha ya vidole, na kunyanyua chupa ya maji ya lita moja kila mkono. Nusu saa inatosha, mara tatu kwa wiki, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, pamoja na mtu mmoja aliyefundishwa kuangalia nani anapepesuka.

Wala si lazima yaitwe mazoezi. Huku kwetu mkoani Tanga wapo bibi wanaocheza selo na mdumange hadi leo inapotokea shughuli, na pwani yote wapo waliokua na lelemama. Ngoma inamtaka mtu akumbuke hatua, asikilize mdundo, abadilishe uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine na atazamane na wenzake, na hayo yote ndiyo mtaalamu wa fiziotherapia angetaka ayafanye. Laiti Maafisa Utamaduni na Maafisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri wangekaa meza moja, kikundi cha ngoma cha wazee kingeweza kutambuliwa kuwa ni huduma ya afya, kikatengewa siku na kiwanja, badala ya kuitwa tu pale kiongozi anapotembelea wilaya.

Sasa niseme kuhusu presha, ambayo ndiyo niliyoishi nayo kazini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika nchini mwaka 2012 uliwahusisha watu wa miaka 25 hadi 64, na ukakuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Mzee wa miaka 65 hakuulizwa. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watafiti walichukua hatua ya kuwapima wenye miaka 70 na zaidi vijijini kwao, takriban saba kati ya kumi walikutwa na shinikizo la juu, na kwa wengi wao lilikuwa halijadhibitiwa. Linganisheni takwimu hizo mbili, Waheshimiwa. Kundi ambalo presha imelikamata kuliko makundi yote ndilo lililoachwa nje ya hesabu ya taifa, na ni vigumu kupanga dawa, vipimo na watumishi kwa ajili ya watu ambao hawamo kwenye hesabu. Naomba kwamba kila utafiti wa afya ujao, na kila taarifa inayotoka zahanati kwenda wilayani, iwataje wenye miaka 60, 70 na 80 kila kundi peke yake, kwani mtu wa miaka 61 na mtu wa miaka 84 hawana mahitaji yanayofanana.

Presha haiumi, na hapo ndipo penye tatizo. Mzee anapewa dawa za mwezi mmoja, anajisikia vizuri, anaziacha. Au anarudi na kuambiwa dawa hakuna, akanunue, naye hana cha kununulia, basi anasubiri hadi kichwa kimgonge. Nimewasikia wengi wakisema kwamba presha huja kwa wenye hasira au wenye mali. Maelezo ya dakika tatu dirishani hayaondoi imani ya namna hiyo. Imani hiyo huondolewa na mtu anayefika nyumbani kila baada ya wiki kadhaa na kipimo mkononi, anayemjua mzee kwa jina, anayehesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, na ambaye zahanati ikiishiwa dawa anajua wazee gani wataathirika na anaweza kupiga simu.

Nikigeukia akili, naandika kwa uzito zaidi, kwa sababu hapa ujinga wetu umeua watu. Katika wilaya hiyo hiyo ya Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba zaidi ya watu sita katika kila mia wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu, mwelekeo na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Majumbani tunasema ni uzee tu, amerudi utotoni. Kwingine husemwa maneno mabaya zaidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu baada ya maisha mazima ya kupuliza kuni kwenye jiko lenye moshi. Bibi mwenye demensia anayetoka usiku asijue alipo, anayeongea na watu waliokwisha kufa, anayekutwa uani kwa jirani akiwa hana nguo, yuko katika hatari hiyo hiyo. Kijiji kizima kinamtafsiri bila mtaalamu yeyote kuulizwa. Mhudumu mmoja aliyefundishwa, anayeweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kueleza kwamba huyu ni mgonjwa na ugonjwa wake una jina, anaweza kuokoa uhai ambao polisi hufika wakiwa wamechelewa.

Demensia haina tiba ya kuiondoa, lakini si kweli kwamba hakuna la kufanya. Jopo la wataalamu lililoandaliwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitoa taarifa mwaka 2024 iliyoorodhesha mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa ugonjwa huu, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo hayo yangeshughulikiwa katika maisha yote ya mtu. Miongoni mwake yamo shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, moshi na hewa chafu, kutofanya mazoezi, sonona (yaani huzuni nzito isiyoisha), upweke, kutosikia na kutoona. Someni orodha hiyo kwa macho ya zahanati ya kijiji na mtaona kwamba mengi kati yake hayahitaji mashine kubwa wala daktari bingwa.

Chukueni masikio na macho. Mzee anapopungua usikivu huwa hasemi. Anaacha tu kwenda barazani kwa sababu amechoka kucheka pale wengine wanapocheka bila kujua kilichosemwa. Watu wa nyumbani wanasema amekuwa mkali, au amekuwa mkimya, na taratibu wanaacha kumshirikisha katika mashauri. Nimekutana na wazee ambao masikio yao yalikuwa yamezibwa na nta tu. Kwa upande wa macho, utafiti wa miaka ya 2000 katika wilaya ya Kongwa, Dodoma, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea walikuwa wamepungukiwa uwezo wa kuona karibu kwa sababu ya umri, na waliokuwa na miwani walikuwa wachache mno. Miwani ya kusomea ni kitu cha bei ndogo. Humrudishia mtu Msahafu wake au Biblia yake, sindano yake, uwezo wa kuchambua mchele na kusoma maandishi kwenye pakiti ya dawa. Na mtu mwenye shughuli za namna hiyo anakuwa na sababu ya kuamka asubuhi. Nashindwa kuelewa ni kwa nini tunamhesabia dawa lakini miwani tunaiona kuwa ni anasa yake binafsi. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekwisha kupitishwa, naomba Wizara iwaeleze wazee waziwazi ni lini na kwa utaratibu gani miwani, vifaa vya kusaidia usikivu, fimbo na fiziotherapia vitapatikana kwa mzee wa kipato cha chini, tena karibu na anapoishi.

Kuhusu sonona, wazee wetu hawaji wakilia. Huja wakisema mwili mzima unauma, kichwa kinawaka moto, usingizi hakuna, chakula hakipandi, mawazo ni mengi. Tunawapa dawa ya maumivu na vitamini, na dawa ya maumivu ikitumiwa mfululizo inaumiza tumbo na figo huku sonona ikibaki palepale. Mara nyingi ukiuliza swali moja zaidi utakuta mume amefariki mwaka uliopita, au mtoto aliyekuwa akituma fedha amenyamaza, au ni mstaafu ambaye tangu alipokabidhi ofisi akiwa na miaka 60 hakuna anayempigia simu. Jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kusikiliza watu wenye mawazo mengi, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kulitatua kwanza. Matokeo ya utafiti wa kina yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa kwa njia hiyo walipata nafuu kubwa zaidi, miezi sita baadaye, kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwetu kila mtaa una bibi ambaye watu tayari humwendea kwa siri zao. Amebakia tu kupewa mafunzo, benchi na daktari wa kumpelekea wagonjwa waliomzidi.

Na huko Hai, ambako nimekutaja mara kadhaa kwa sababu ni hapa hapa nyumbani, watafiti walijaribu vikao vya vikundi kwa wazee wenye demensia, ambamo watu hukaa pamoja, huzungumza habari za zamani na za sasa, huimba, hutambua vitu na kufanya kazi ndogo za mikono, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuimarika kwa uwezo wao wa kufikiri. Vikao hivyo vilifanyika kwa Kiswahili, kijijini. Jambo lililokwisha kuthibitika Hai halihitaji kusubiri mfadhili ili lifike Lushoto, Masasi au Kibondo.

Hivyo basi, ombi langu la msingi ni hili. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima katika kipindi cha miaka mitano. Ni watu wanaoingia majumbani, na mkazo mkubwa wa kazi zao, kwa haki kabisa, umekuwa kwa mama na mtoto na kwa magonjwa ya kuambukiza. Naomba wapewe pia jukumu lililo wazi kwa kila mzee wa kitongoji chao, kwa kutumia kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukiandaa na kukitolea mwongozo mwaka 2019. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Mhudumu anamtajia mzee maneno matatu na baada ya muda anamwomba ayarudie. Anamwomba ainuke kwenye kiti mara tano akiwa amekunja mikono kifuani, na kuangalia kama anamaliza ndani ya sekunde 14. Anamuuliza kama amepungua zaidi ya kilo tatu katika miezi mitatu, na kama hamu ya chakula imepotea. Anamchunguza kuona mbali na karibu, ananong'ona nyuma yake aone kama anasikia, na anamuuliza kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni au kukosa furaha katika mambo aliyoyapenda. Ukiongeza kipimo cha presha, umemaliza. Aliyeshindwa sehemu fulani anaandikiwa kwenda zahanati, na zahanati inatakiwa iwe na la kumfanyia. Vinginevyo tutakuwa tumemwongezea mzee safari nyingine ya bure, na hatarudi.

Najua swali la fedha litakuja, nalo ni la haki. Lakini mafunzo ya siku chache juu ya kipimo hicho, viti viwili vya mbao, kamba ya kupimia umbali na boksi la miwani si gharama ya kuishinda halmashauri. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wazee kama kundi hawamo. Sisemi wanyang'anywe wenzetu, nasema kwamba bajeti ya halmashauri ina haja ya kuwa na mstari wa wazee unaosomeka, hata ukianza na kiasi kidogo. Mabaraza ya Wazee, ambayo yapo tayari kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji, yapewe kazi ya kusimamia matumizi ya fedha hizo na kupanga siku za mazoezi na vikao, badala ya kuitwa kutoa ushauri tu wakati wa sherehe.

Kuhusu chakula sitarefusha. Mzee anayekula ugali na mboga za majani pekee, kwa sababu meno yamekwisha na nyama imemshinda, anapoteza misuli haraka zaidi kuliko umri wake unavyodai. Dagaa waliosagwa, maharage yaliyolainika, mayai na mtindi vinaweza kumsaidia, na mhudumu anayefika nyumbani ndiye atakayegundua kwamba bibi anapika vizuri lakini sahani yake anawaachia wajukuu.

Jambo hilo la wajukuu linanifanya niongeze neno moja. Sehemu kubwa ya watoto wa nchi hii wamelelewa na bibi, na katika mkoa wa Kagera, ambako UKIMWI ulichukua kizazi cha kati, akina bibi ndio waliozibeba familia peke yao kwa miaka mingi. Bibi hao wanabeba maji, wanatafuta sare za shule, wanakesha na mtoto mwenye homa wakati wao wenyewe wana presha. Kuilinda afya ya mtu kama huyo ni kuilinda kaya nzima inayomtegemea. Ndiyo maana naomba pia Tanzania Bara iangalie kwa dhati mfano wa Pensheni Jamii wa Zanzibar, kwa sababu mazoezi na miwani havitoshi kwa mtu asiyejua kesho atakula nini. Hofu ya namna hiyo nayo huondoa usingizi, na kukosa usingizi huzidisha presha na sonona.

Waheshimiwa Mawaziri, Siku ya Wazee Duniani huadhimishwa kila tarehe 1 Oktoba, na kila mwaka hutolewa hotuba. Ninaomba kwamba katika maadhimisho yajayo hotuba iwe na majibu ya maswali haya: ni halmashauri zipi zitakazoanza kuwapima wazee majumbani kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kuanzia mwezi gani, ni zahanati ngapi zitakuwa na dawa za presha zisizokatika, miwani ya kusomea na mtumishi aliyefundishwa kuitambua demensia na sonona, na ni ofisi ipi kati ya wizara zenu tatu itakayowajibika endapo hayo hayatafanyika. Wastaafu wa sekta ya afya tuko wengi katika kila wilaya, bado tuna nguvu, na tukiitwa kufundisha tutakuja.

Nawatakia utekelezaji mwema wa majukumu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga.